Mpangilio wa Jiko Jipya: Dalili za Makosa, Vyanzo Vyake na Namna ya Kuyarekebisha

Malalamiko ya watu waliokarabati jiko la nyumbani hurudi yale yale: mlango wa friji haufunguki wote, hakuna mahali pa kutua sufuria ya moto, watu wawili hawawezi kupishana, sinki lililohamishwa linatoa harufu. Sehemu kubwa ya kasoro hizi huwa tayari zimo kwenye mchoro kabla ya tofali la kwanza kubomolewa, ila hakuna aliyezitafuta, kwa kuwa wakati wa kupanga macho ya wengi huelekea kwenye milango ya makabati na rangi ya kaunta badala ya mwendo wa mtu anayepika. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Ambaye jiko lake bado liko kwenye karatasi ausome akiwa na mchoro mkononi. Anayetaka kulibomoa jiko la zamani ausome akiwa amesimama ndani yake, maana kasoro isiyotambuliwa hapo huhamia kwenye jiko jipya bila kubisha hodi.

Vifaa vya uchunguzi ni vichache: futi ya chuma, pima maji, tepu ya karatasi inayobandikwa sakafuni, maboksi kadhaa matupu, na karatasi ya vipimo ya kila kifaa kutoka kwa mtengenezaji wake. Hiyo karatasi ya vipimo ndiyo inayokosekana mara nyingi kuliko vyote. Watu hutengenezesha makabati kwanza, kisha huenda kutafuta friji ya kutoshea kwenye pengo lililobaki. Utaratibu huo ugeuzwe: friji, jiko la kupikia, oveni na sinki vichaguliwe mapema, angalau kwa vipimo, ndipo seremala aitwe.

Dalili: kuandaa mlo mmoja kunachosha kwa kwenda na kurudi

Chanzo cha kwanza, na ndicho kinachoonekana zaidi, ni kwamba sehemu ya kukatia na kuandalia iko mbali na maji. Mpishi huosha upande mmoja, hukata upande mwingine, na matone ya maji sakafuni huonyesha njia aliyopita. Chanzo cha pili ni vitu kuhifadhiwa mbali na vinapotumika: sufuria ziko ukuta wa pili kutoka jiko la kupikia, sahani ziko mbali na sinki. Cha tatu ni umbali halisi kati ya sinki, jiko la kupikia na friji.

Anza na kipimo chepesi. Pima kwa futi mistari mitatu inayounganisha katikati ya sinki, ya jiko la kupikia na ya friji. Kanuni hii ya pembetatu ilienezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois katika miaka ya 1940, na vipimo vyake bado vinafaa: kila mstari uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla ya mistari yote mitatu isizidi mita 7.9 wala isipungue mita 4. Iwapo mstari mmoja unakatizwa na kaunta ya katikati, hesabu njia ambayo miguu itazunguka, si ule mstari ulionyooka juu ya karatasi.

Hata hivyo kanuni hiyo iliwekwa kwa mpishi mmoja na vituo vitatu, na haitoshi pale wanapopika wawili au panapokuwa na oveni ya ukutani na mashine ya kuoshea vyombo. Kipimo cha ndani zaidi ni kuuandika mlo mmoja wa kawaida hatua kwa hatua, kuanzia kufungua friji hadi kurudisha sahani kabatini, na kuichora kila hatua kwa penseli juu ya mchoro. Penseli ikipita njia ileile mara nyingi, vituo viwili vya mwisho wa njia hiyo visogezwe karibu. Kwa kawaida dawa si kuhamisha mabomba. Inatosha kuweka kaunta tupu ya upana wa sentimita 90 kando ya sinki, na kuhamishia droo za visu na mbao za kukatia chini yake.

Wapo wanaodhani kwamba tatizo ni udogo wa chumba. Jiko la Frankfurt, alilolibuni Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926, lilikuwa na upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu, nalo lilisifiwa kwa kumpunguzia mpishi hatua. Chumba kikubwa kilichopangwa vibaya huchosha kuliko kidogo kilichofikiriwa.

Dalili: umeshika chombo cha moto na hujui pa kukiweka

Hii si kero ndogo. Mtu anayegeuka na sufuria inayochemka, akitafuta pa kuitua huku mtoto akipita nyuma yake, yumo hatarini, na hatari hiyo ilipangwa kwenye mchoro.

Chanzo kikuu ni jiko la kupikia lililosukumwa hadi kwenye kona au hadi mwisho wa kaunta, likabaki bila nafasi upande mmoja. Kinachofuata ni oveni au friji kuzungukwa na makabati marefu pande zote mbili. Kaunta kujaa vifaa vidogo vya umeme huja mwisho, ingawa ndiyo sababu wenye nyumba huitaja kwanza.

Pima nafasi tupu ya kaunta kandokando ya kila kituo. Jiko la kupikia lipate angalau sentimita 30 upande mmoja na 38 upande wa pili. Sinki lipate 60 upande mmoja na 45 upande mwingine. Friji ipate 38 upande wa mpini wa mlango, au kaunta iliyo mbele yake moja kwa moja ndani ya umbali wa hatua moja. Nafasi mbili zinazopakana zinaweza kutumika kwa pamoja, ila usipunguze kaunta kati ya sinki na jiko la kupikia ili kuongeza kabati refu la akiba. Ukilazimika kuchagua, kabati liondoke.

Pale jiko la kupikia lisipoweza kutoka kwenye kona, lisogeze angalau sentimita 30 kutoka ukutani, kwa sababu mpini wa kikaango unahitaji pa kugeukia. Jiko la kupikia chini ya dirisha lenye pazia, au kando ya mlango unaofunguka kuelekea kwake, lihamishwe bila mjadala. Likiwa la gesi, kulihamisha si kazi ya mwenye nyumba. Bomba la gesi hukatwa, huunganishwa na kujaribiwa kama linavuja na fundi mwenye leseni ya kazi hiyo. Ukisikia harufu ya gesi wakati wowote wa ukarabati, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Funga valvu ikiwa unaifikia bila kuchelewa, fungua milango na madirisha, wote watoke nje, na simu ipigwe mkiwa nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, ikiwemo ndani ya makabati ya chini na mashimo ya sakafu, kwa hiyo kutoisikia puani ukiwa umesimama si uthibitisho kwamba haipo.

Dalili: milango na droo zinagongana

Simama mbele ya kona ya jiko lililopangwa kwa umbo la L na uvute droo iliyo karibu kabisa na kona. Itatoka sentimita chache, kisha itagota kwenye mpini wa droo ya upande wa pili, au kwenye mpini wa oveni. Kwenye mchoro droo hizo mbili zilionekana salama, kwa kuwa mchoro ulionyesha mbao bila mipini, na mpini wa kawaida hutokeza sentimita 3 hadi 4. Hicho ndicho chanzo cha kawaida zaidi cha kugongana, na dawa yake ni nyepesi ikiwahiwa: kipande cha ubao cha upana wa sentimita 5 hadi 8 kijaze pengo kila upande wa kona ili droo zisogee mbali. Kwenye kona yenye oveni ongeza zaidi, kulingana na kina cha mpini wake.

Chanzo cha pili ni friji iliyobanwa na ukuta upande wa bawaba. Mlango wake hufunguka nyuzi 90 na kugota, ilhali droo za ndani za friji nyingi hazitoki mpaka mlango upite nyuzi 90. Mwenye nyumba hugundua jambo hili siku ya kusafisha. Karatasi ya vipimo huonyesha nafasi inayotakiwa upande wa bawaba na nafasi ya kupumulia nyuma na juu. Ziheshimu zote mbili, au uulize kama mlango unaweza kugeuzwa bawaba.

Cha tatu ni mlango wa mashine ya kuoshea vyombo, ambao ukilala wazi huzuia sinki, kabati la takataka, au njia nzima. Mashine hiyo ikae ndani ya sentimita 90 kutoka kwenye sinki, lakini isikae upande wa pili wa kona moja kwa moja; acha sentimita 53 za kusimama kati ya ukingo wake na chochote kilichosimama kwa pembe nayo.

Cha nne, ambacho husahauliwa kabisa, ni dirisha linalofunguka kwa ndani na kugonga bomba la sinki. Pima urefu wa bomba kutoka kwenye kaunta kabla ya kulinunua.

Njia bora ya kuyanasa yote haya ni kuuchora upya mpango kila mlango ukiwa wazi na kila droo ikiwa imetoka yote, pamoja na mipini. Kwa macho ya wengi mchoro huo hauvutii, ila ndio mchoro wa jiko linalotumika.

Dalili: watu hawapishani

Hapa maboksi na tepu ndiyo vifaa vyenyewe. Bandika tepu sakafuni kufuata ukingo wa kila kaunta, panga maboksi mahali pa kaunta ya katikati, kisha watu wawili waigize kazi: mmoja ainame kufungua oveni, mwingine apite nyuma yake na beseni mikononi. Dakika chache za igizo hilo hufundisha mengi kuliko picha nyingi za kompyuta.

Njia ya kazi kati ya kaunta mbili iwe sentimita 105 au zaidi kwa mpishi mmoja, na 120 kwa wawili. Njia ya kupita tu, isiyo na kazi, itosheke na 90. Vipimo hivi ni kutoka ukingo wa kaunta hadi ukingo wa kaunta au kifaa kilichotokeza zaidi, si kutoka kabati hadi kabati, kwa sababu kaunta na friji hutokeza mbele ya makabati.

Kinachosababisha msongamano mara nyingi ni kaunta ya katikati iliyolazimishwa kwenye chumba kisicho na uwezo nayo. Hesabu ni fupi: kaunta ya ukutani ya sentimita 60 kila upande, njia mbili za 105, na kaunta ya katikati ya 60, jumla yake ni mita 3.9 za upana wa chumba. Chumba chenye mita 3 hakiwezi kuubeba mpango huo. Kiwekewe meza nyembamba yenye magurudumu, au kaunta iliyoshikana na ukuta upande mmoja. Naandika hili kwa msisitizo kwa kuwa hamu ya kuwa na kaunta ya katikati imeharibu mpangilio wa majiko mengi ambayo yangekuwa mazuri bila hiyo.

Chanzo cha pili ni njia ya nyumba nzima kupita katikati ya pembetatu ya kazi, kwa mfano kutoka mlango wa nyuma kwenda sebuleni. Kabla ya kuhamisha mlango, jaribu kuihamishia friji ukingoni mwa jiko, ili anayetafuta maji ya kunywa asiingie kati ya sinki na moto.

Dalili: mgongo, mabega au shingo vinauma

Urefu wa kaunta unaotumika sana ni takriban sentimita 90, na hauwafai watu wote. Mpishi asimame na viatu anavyovaa jikoni, akunje kiwiko, na upimwe urefu kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Uso wa kukatia uwe sentimita 10 hadi 15 chini ya hapo. Kumbuka kwamba kwenye sinki mikono hufanya kazi chini ya kaunta, karibu na sakafu ya sinki, kwa hiyo sinki la kina kirefu humwinamisha mtu mrefu hata kama kaunta yenyewe ni sahihi.

Kinachosahaulika zaidi ni nafasi ya vidole vya miguu chini ya makabati: kimo cha sentimita 10 na kina cha 7.5 au zaidi. Isipokuwepo, mpishi husimama mbali na kaunta na kuinama mbele siku zote. Maumivu ya mabega, kwa upande wake, hutokana na kuweka vitu vizito kwenye makabati ya juu. Vizito vishuke kwenye droo za chini.

Dalili: unakata vitu kwenye kivuli chako

Taa pekee iko katikati ya dari, mpishi ameipa mgongo. Weka taa chini ya makabati ya juu, karibu na ukingo wao wa mbele na si nyuma ukutani. Nyaya zake zipitishwe kabla ya plasta na vigae.

Dalili: makabati yamefika na hayakai sawa ukutani

Chanzo karibu siku zote ni chumba kisicho na pembe mraba au sakafu isiyo na usawa. Kipimo kimoja cha urefu wa ukuta hakitoshi. Pima sehemu tatu, yaani chini, usawa wa kaunta na juu, kisha tumia kilicho kifupi. Kwa pembe, weka alama sentimita 90 kutoka konani kwenye ukuta mmoja na 120 kwenye mwingine. Umbali kati ya alama hizo uwe 150. Ukizidi, kona imefunguka kuliko mraba, ukipungua, imejifunga. Sakafu ipimwe kwa pima maji kuzunguka kuta zote, itafutwe sehemu iliyoinuka zaidi, na kabati la kwanza lipangwe kuanzia hapo, kwa sababu kabati huinuliwa kwa kabari lakini halizamishwi sakafuni.

Pima baada ya plasta na sakafu mpya, au ongeza unene wake kwenye hesabu. Pengo dogo huzibwa kwa kipande cha ubao kilichochongwa kufuata ukuta. Ukuta wenye tumbo kubwa, nyufa mpya au sakafu inayodidimia upande mmoja si suala la seremala. Simamisha kazi na umwite mhandisi wa majengo.

Dalili: sinki lililohamishwa linatoa maji polepole au linanuka

Anza na yaliyo rahisi. Chungulia kiwiko cha bomba chini ya sinki, kile kinachobaki na maji ili kuzuia hewa chafu. Kikiwa kikavu kwa sababu sinki halijatumika muda mrefu, mimina maji, na harufu itakoma. Kikiwa kimeziba, weka ndoo, kifungue na ukisafishe.

Tatizo likirudi, chanzo kinachofuata ni mteremko. Bomba la maji machafu linahitaji kushuka takriban sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo sinki lililosogezwa mita 3 linahitaji bomba lishuke sentimita 6 kabla ya kufika kwenye bomba kuu. Kama sakafu ni ya zege na hakuna kina cha kutosha, kuulazimisha mpango huo ni kujitafutia maji yaliyotuama. Sauti ya kugugumia baada ya sinki kumaliza maji huashiria ukosefu wa bomba la hewa: maji yanayoshuka huyafyonza maji ya kwenye kiwiko na kuuacha mlango wa harufu wazi. Kazi ya mteremko na bomba la hewa ni ya fundi bomba mwenye sifa, na ifanyike kabla sakafu haijafunikwa. Kwa maoni yangu, sinki libaki karibu na lilipokuwa isipokuwa pana sababu nzito, kisha mengine yapangwe kulizunguka.

Dalili: moshi na mvuke haviondoki

Safisha kwanza kichujio cha feni ya kuvuta moshi, kwani mafuta yakiganda hewa haipiti. Halafu fuatilia bomba lake hadi mwisho. Linaweza kuwa linatoa hewa ndani ya dari badala ya nje ya nyumba, jambo linaloleta ukungu na kukusanya mafuta yanayoweza kushika moto; hilo lirekebishwe mara moja. Bomba refu lenye kona nyingi, au la kujikunja lenye mikunjo ndani, hupunguza nguvu ya feni, na bomba laini la chuma lenye njia fupi hufanya kazi vizuri zaidi. Feni isiwe nyembamba kuliko jiko la kupikia, na kimo chake kifuate maagizo ya mtengenezaji.

Feni yenye nguvu nyingi ndani ya nyumba iliyozibwa vizuri inaweza kuvuta gesi za moto kutoka kwenye hita ya maji ya gesi na kuzirudisha ndani, na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo ndani yake, haina harufu wala rangi. Palipo na kifaa cha namna hiyo, mtaalamu apime kabla feni haijaanza kutumika.

Dalili: umeme unakatika unapowasha vifaa viwili

Sababu ya kawaida ni soketi zote za jikoni kuning'inia kwenye sakiti moja, yaani njia moja ya waya yenye breka yake. Angalia ni vifaa gani vinafanya kazi pamoja breka inapoanguka, kisha uchomoe kimoja. Ikianguka hata kikiwa kimewashwa kifaa kimoja tu, kifaa hicho au waya wake una hitilafu. Usibadilishe breka kwa iliyo kubwa zaidi, kwa sababu waya utapata joto ndani ya ukuta bila chochote kuukata umeme. Soketi yenye joto, rangi iliyoungua au harufu ya plastiki haitumiki tena. Zima umeme kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme aliyesajiliwa. Katika mpango mpya, oveni na jiko la umeme vipate sakiti zao, na soketi za kaunta zilindwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini.

Dalili: mpango hauwezekani bila kuondoa ukuta

Kugonga ukuta na kusikiliza mlio hakutoshi kujua kama unabeba mzigo. Tazama kama kuna ukuta mwingine juu yake, kama boriti za dari zinalala juu yake, na kama uko katikati ya nyumba. Dalili yoyote kati ya hizo iufanye uchukuliwe kuwa unabeba hadi mhandisi aseme vinginevyo. Kutokuwepo kwa dalili hizo pia si ruhusa ya kubomoa. Mpelekee mchoro wa jengo kama upo, picha za dari na za chumba cha juu, na upana wa uwazi unaoutaka, na umweleze ni mabomba na nyaya gani zimepita ndani ya ukuta huo. Huenda akashauri uwazi mwembamba utakaokidhi haja ileile kwa boriti ndogo.

Katika nyumba za zamani kuna jambo jingine la kusimamisha nyundo. Vigae vya sakafu vya plastiki, gundi yao nyeusi na mbao za dari vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na rangi kuukuu inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usivikate, usivipige msasa wala usivifagie vikiwa vimekauka. Watoto na wajawazito waondoke eneo hilo, mlango ufungwe, na sampuli ichukuliwe na mtu mwenye ujuzi na vifaa vya kujikinga. Majibu yakithibitisha, uondoaji ufanywe na kampuni yenye kibali kabla ya fundi mwingine yeyote kuingia.